Nilivyolinda kompyuta na gemu za nyumbani Mtwara: kazi ilianzia ardhini

Nilipohamishia nyumbani kazi yangu ya kupanga kurasa za vitabu na vipeperushi, chumba kimoja cha nyumba yetu ya Ligula kililazimika kubeba kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha, skrini mbili, printa, ruta ya intaneti na, kwa kuwa watoto nao wana haki yao, runinga pamoja na PlayStation 4. Vifaa hivyo vyote vina saketi nyembamba zisizovumilia volti zinazopanda ghafla. Tunaishi karibu na gesi ya Mnazi Bay inayoendesha mitambo ya kuzalisha umeme, lakini ujirani huo hauzuii radi za msimu wa mvua, hauzuii matawi ya miembe kugusa nyaya upepo unapovuma, wala hauondoi mtikisiko unaofuata umeme unaporudi, pale friji, feni na pampu za mtaa mzima zinapoanza kuvuta kwa wakati mmoja.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mfupi: nenda mjini, nunua saji protekta, yaani kinga ya umeme unaopanda ghafla, chomeka, umemaliza. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila unaruka hatua ya kwanza. Ndani ya saji protekta kuna vipande viitwavyo varista, ambavyo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Kwenye volti 230 za kila siku varista haifanyi kitu. Volti zikivuka kiwango chake, ukinzani wake hushuka kwa kasi kubwa mno, na umeme uliozidi hupitishwa pembeni badala ya kuingia kwenye kifaa. Njia hizo za pembeni kwa kawaida ni tatu: kutoka waya wa moto kwenda nyutro (waya wa kurudishia umeme), kutoka waya wa moto kwenda erthi (waya unaoelekea ardhini), na kutoka nyutro kwenda erthi. Mbili kati ya hizo zinategemea erthi, na kama tundu la juu la soketi halikuunganishwa na chochote ardhini, basi pigo la umeme litatafuta njia nyingine, ambayo mara nyingi huwa ni waya wa HDMI au wa mtandao unaoelekea kwenye kifaa cha jirani. Ndiyo maana niliamua kwamba senti ya kwanza ya kazi hii ingetumika nje ya nyumba, kwenye nondo ya erthi, ile iliyogongomewa ardhini, kabla sijaulizia bei ya kitu chochote dukani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeshanipa dalili. Nikiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji, nikipitisha mgongo wa kidole kwenye skrubu za nyuma ya ganda lake, nilisikia mtekenyo mwembamba ambao ulipotea nilipovaa kandambili. Sababu yake inajulikana: katika mlango wa umeme wa kompyuta kuna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme kuelekea ganda la chuma, na ganda hilo lisipopata erthi, hukaa na volti zinazokaribia nusu ya zile za ukutani, japo mkondo wake ni mdogo sana. Mtu hadhuriki kwa mtekenyo huo, lakini kifaa kinamwambia wazi kwamba hakina ardhi. Nilihakikisha kwanza kwamba plagi yenyewe haikuwa chanzo, kwa maana huku kwetu ni jambo la kawaida kuona plagi ya miguu miwili imelazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili milango ya ndani ifunguke. Anayefanya hivyo ameiondoa erthi kwa mkono wake, na hakuna saji protekta itakayomrudishia.

Nilimwita fundi mzee wa mtaani kwetu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa kuwa kazi ya nyaya za nyumba si ya kumpa yeyote anayejua kushika bisibisi. Alikagua soketi, akatoka nje hadi chini ya mita ya LUKU, akafukua mchanga kwa koleo la bustani mpaka kichwa cha nondo kikaonekana. Kibanio kilichoshika waya wa erthi kilikuwa kimefunikwa na kutu ya kijani, ile inayoletwa na hewa ya chumvi kwenye shaba, na alipokigusa kikazunguka chenyewe.

"Mjomba," aliniambia, "hapa erthi ipo ya jina tu."

Alichomeka vijiti viwili vya kupimia mbali kidogo na nondo, akaunganisha kipimo chake, na namba iliyotokea ilikuwa zaidi ya omu 200 za ukinzani; kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo erthi inavyokuwa dhaifu. Udongo wa mji wetu una mchanga mwingi, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri; ndiyo maana nilifurahi kwamba tulipima mwezi wa kumi, kabla ya mvua, maana erthi iliyopimwa wakati ardhi imelowa hupata alama za upendeleo. Fundi alipendekeza kwanza njia ya wazee wa kazi, yaani kuchimba shimo kuzunguka nondo na kujaza chumvi na mkaa. Sikuikataa kwa dharau, kwa sababu chumvi kweli hushusha ukinzani wa udongo.

"Lakini, fundi," nilimwuliza, "mvua za huku hazitaisomba hiyo chumvi yote? Na kibanio hiki umekiona kilivyoliwa na chumvi ya hewani tu."

Alicheka, akakubali, tukakubaliana kusafisha nondo ya zamani, kubadili kibanio, na kugongomea nondo ya pili iliyopakwa shaba, ndefu zaidi ili ifike kwenye udongo wenye unyevu. Aliiweka mbali na ya kwanza kwa umbali unaozidi urefu wa nondo yenyewe, kwa kuwa nondo zinazokaribiana mno hugombania udongo uleule na faida ya ile ya pili hupotea. Kipimo kilishuka hadi chini ya omu 30. Kwa mchanga wa pwani nilikiona kuwa kizuri, na ule mtekenyo kwenye skrubu haukurudi hata pekupeku.

Wakati boksi la sakiti breka likiwa wazi, tulifanya mambo mawili zaidi. La kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba ile swichi yenye kitufe cha T, inayokata umeme unapovuja kuelekea ardhini, inafanya kazi. Swichi hiyo hulinda watu, wala haihusiki na kulinda gemu, lakini haina maana kutengeneza erthi na kuiacha bila kuikagua. La pili lilikuwa kufunga kinga ya mapigo ya umeme kwenye boksi lenyewe, ile ya daraja la pili, ambayo niliiagiza Kariakoo ikaja kwa basi kama kifurushi. Kinga hii hupunguza pigo kubwa kabla halijasambaa ndani ya nyumba, na saji protekta ya mezani hubaki na kazi ya kumalizia masalia. Fundi alikata nyaya zake zikawa fupi kadiri ilivyowezekana, zote kwa pamoja zisizidi nusu mita, kwa sababu mkondo wa pigo la umeme hupanda kwa kasi kiasi kwamba urefu wa waya peke yake huongeza volti zinazobaki kwenye vifaa.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda dukani. Kwenye rafu moja vilipangwa vitu vinavyofanana sana kwa sura: ekstensheni za kawaida zenye taa nyekundu, na saji protekta za kweli. Nilimwuliza mwenye duka, kijana mstaarabu, kama naweza kufungua mgongo wa zote mbili.

"Fungua tu, mjomba, lakini ukiharibu umenunua," alinijibu, akanipa bisibisi.

Ndani ya ile ya bei rahisi, licha ya maandishi makubwa ya kinga kwenye boksi lake, kulikuwa na vipande virefu vya shaba nyeupe, taa, na swichi. Ndani ya nyingine kulikuwa na kibao kidogo chenye varista tatu, visahani bapa vya rangi ya bluu, moja kwa kila njia niliyoitaja juu, na pembeni yake fyuzi ya joto iliyobanwa karibu na visahani hivyo. Fyuzi hiyo ina umuhimu wake, kwani varista iliyochakaa huanza kupitisha umeme kidogokidogo hata kwenye volti za kawaida, hupata joto, na isipokatwa inaweza kuwaka moto. Si kila mwenye duka atakuruhusu ufungue, na kwa sehemu kubwa utategemea maandishi. Mimi nilitazama kwanza volti: iwe imetengenezwa kwa 220 hadi 240. Zipo za mitumba zilizotoka Marekani, nzito na nzuri kwa macho, ambazo zilitengenezwa kwa volti 120. Ukizichomeka huku varista zake zitaanza kupitisha umeme papo hapo na kuungua. Kisha nilitazama kiwango cha volti kinachoruhusiwa kupita wakati wa pigo, ambacho huandikwa kwa alama ya Up, nikataka kisizidi kV 1.5, na mwisho idadi ya jouli, yaani nishati ambayo varista zinaweza kumeza, nikachagua iliyozidi 1,000. Kama boksi halina namba hata moja kati ya hizo, mimi huirudisha rafuni bila mjadala.

Saji protekta huzuia pigo la muda mfupi mno, na haiwezi kupambana na volti zilizopanda zikakaa juu. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 kwa dakika nyingi. Varista itajitahidi, itaungua, na vifaa vitafuata. Kwa hatari hiyo niliweka kati ya soketi na saji protekta kifaa cha kukata umeme kinachoonyesha volti kwa namba, cha jamii ileile ya vile vinavyolinda friji. Nimekipanga kikate zikishuka chini ya 190 au zikipita 253, namba hii ya pili ikiwa ndiyo asilimia 10 juu ya 230, na kisubiri dakika 3 umeme ukirudi. Ule upande wa chini niliupanga kwa ajili ya utulivu tu, kwa kuwa vifaa vingi vya kisasa, ukisoma vibandiko vyao, hupokea kuanzia volti 100. Umeme mdogo unaoua friji hauitishi sana kompyuta.

Kompyuta pekee ina UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ule wa ukutani ukikatika, kwa sababu kazi isiyohifadhiwa hailipwi na saji protekta yoyote. UPS hiyo ina njia yake ya kwenda kwenye kifaa cha kukata umeme, na saji protekta haikuchomekwa kwenye matundu yake ya betri. Watengenezaji wengi wanakataza jambo hilo, kwani UPS za bei nafuu hutoa wimbi lenye ngazi lisiloelewana na vichujio vya saji protekta, na pia matundu ya saji protekta huwashawishi watu kuongeza mzigo. Anayenunua akumbuke kwamba UPS ya VA 650 haitoi wati 650, bali kwa kawaida hutoa chini ya 400. Yangu iko karibu na dirisha, mbali na jua, maana joto hufupisha maisha ya betri, na joto la Mtwara halihitaji kuelezwa.

Kuhusu mzigo sina mengi ya kusema. PlayStation, runinga, ruta na printa hazifikii hata robo ya ampea 13 za plagi. Tatizo huja pale mtu anapoona tundu tupu na kuchomeka pasi au jagi la umeme, vitu ambavyo kimoja tu huweza kuvuta wati 2,000, kwa hiyo matundu yaliyobaki nimeyaziba kwa vifuniko vya plastiki na watoto wanajua sababu. Saji protekta nimeipigilia ukutani juu ya meza, isikae chini ya zulia wala nyuma ya pazia, ambako sisimizi na mijusi hupenda kuhamia, na haikuunganishwa na ekstensheni nyingine mbele yake.

Taa yake ya kinga naitazama kila ninaponunua umeme wa LUKU, kwa sababu katika saji protekta nyingi taa ikizimika matundu huendelea kutoa umeme, na mtu hubaki anadhani analindwa. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wingu jeusi likionekana, kila kitu kinachomolewa ukutani, maana radi ya karibu haizuiliki kwa kifaa cha mezani. Waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi ndio nilioufikiria zaidi, kwa sababu unatoka paani moja kwa moja na kuungana na runinga kwa HDMI, ukiwa umepita nje ya kinga zote nilizozitaja. Jirani yangu alipoteza runinga na king'amuzi kwa njia hiyo ilhali soketi yake ilikuwa imezimwa. Kinga za waya wa dishi zipo, nami nimeagiza moja yenye skrubu ya kuunganishia erthi. Mpaka ifike, mtoto mkubwa ndiye mwenye kazi ya kuufungua waya huo nyuma ya king'amuzi kabla ya kulala, na mdogo wake humkumbusha, kwani asipofanya hivyo hakuna gemu kesho yake.