Samaki kugandia kwenye fraipani, hivi ndo nilivyotatua

Joto la Dar la Februari jamani hutamani kukaa jikoni hata robo saa, na mimi kila nikikaanga samaki aina ya changu ananigandia, ngozi inabaki kwenye fraipani nyama inavunjikavunjika, naishia kuhangaika na moto nusu saa nzima. Kumbe shida ni maji! Siku hizi nikitoka soko la samaki la Feri nachukua wale wadogo, namparua magamba, namchanja mpaka karibu na mfupa aive haraka, halafu namkausha na kitambaa hadi ngozi isiteleze, ndo napaka chumvi. Ndimu nakamulia mwishoni. Mafuta yapate moto sawasawa kwanza, ukishamweka usimguse kama dakika 4 hivi, anajiachia mwenyewe, unageuza. Nakula na kachumbari na wali uliobaki mchana.