Sini Ishirini na Moja za Usiku

Leo nimeletewa mswada wa filamu wa kurasa 94. Zamani ningeanza kwa kutafuta mhusika wangu anasema nini na anakufa ukurasa wa ngapi. Leo nimepekua vichwa vya sini, yaani vipande vya matukio ya filamu, nikitafuta neno moja tu: USIKU. Ziko 21. Maana yake ni kuingia seti, mahali pa kupigia picha, jua likizama, kutoka linapochomoza, kisha kujaribu kulala wakati mtoto wa miaka miwili yuko macho na anataka kubebwa mgongoni.

Kabla hajazaliwa nilikuwa nimejipangia mambo. Mhusika mkuu kabla ya kufika miaka 35. Msimu mzima wa jukwaani, maonyesho 8 kwa wiki kama wanavyofanya London na New York. Waigizaji waliokataa kazi niliwaona wavivu. Niliposoma kwamba mwigizaji Rick Moranis, aliyefiwa na mkewe mwaka 1991 na kubaki na watoto wawili, alijiondoa polepole kwenye filamu ili awalee, nikasema huyu atajuta. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba wala hakuwa na hamu sana ya kazi hiyo. Mimi nina hamu nayo hata nikiwa bado niko ndani yake.

Ratiba angalau inapangika. Kuna hili jingine.

Mwezi uliopita nilicheza baba aliyefiwa na mtoto. Nimefundishwa kile Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, alichokiita kumbukumbu ya hisia: unafukua jambo lililokuumiza, unamkopesha mhusika. Mwongozaji akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole kabisa, "Mfikirie wa kwako." Nikamwambia hapana. Sauti ilitoka kali hata mimi nikashtuka. Nikamfikiria mbwa wetu aliyepotea nikiwa darasa la tatu. Machozi yalikuja, machache kuliko alivyotaka, na tukarudia mara sita. Yule niliyekuwa zamani angemtumia hata mama yake mzazi, tena akatamba nayo.

Sijui kama hapo nilipungukiwa kama mwigizaji. Bado naliwaza.

Nisijifanye nimetulia, maana wivu ninao. Mwenzangu tuliyesoma pamoja alichukua nafasi niliyoiacha, na bango lake liliponitokea kwenye simu niliigeuza kifudifudi mezani. Lakini kutia sauti katuni, kazi niliyokuwa naidharau, sasa naigombania: unaingia studio asubuhi, saa nane mchana umemaliza, hakuna kupakwa vipodozi. Nafasi ya siku nne iliyoandikwa vizuri inanitamanisha kuliko miezi mitatu ya kusimama nyuma ya shujaa. Na wanaodhani nafanya kazi hii ili mwanangu aje ajivune: akiniona kwenye runinga hunitazama mimi niliyekaa kando yake, kisha huendelea kupanga vikopo vyake.

Nimeurudia mswada na kalamu. Sini 8 kati ya zile 21 ziko ndani ya nyumba. Madirisha yakifunikwa kitambaa cheusi zinapigwa picha mchana. Zinabaki 13, na hizo zikikusanywa pamoja ni wiki mbili hivi. Nimemwandikia mtayarishaji hivyo. Ujumbe wa kwanza ulianza kwa "samahani kwa usumbufu". Nimeufuta, nikaandika mwingine usio na samahani, nikautuma saa nne usiku.

Ameusoma. Hajajibu.