Siku moja maishani mwangu: duka dogo Manyatta, Kisumu, Jumamosi ya 16 Mei 2020

Saa 11:00 alfajiri

Kafyu, marufuku ya kutoka nje usiku, inaisha sasa hivi na mimi nimeshavaa barakoa. Duka langu halifunguliwi mapema hivi. Ninakwenda mjini kusimama foleni ya duka la jumla, na foleni hiyo hujipanga gizani, maana huku Kisumu jua halitoki mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu. Zamani ningepiga simu tu, kijana wa tuktuk akaniletea mzigo saa nne. Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini tarehe 13 Machi, ukiagiza kwa simu unaambiwa vitu vimeisha. Anayepata ni yule aliyesimama pale mlangoni na pesa mkononi.

Orodha yangu ni fupi: unga wa mahindi, sukari, mafuta ya kupima mtungi wa lita 20, sabuni ya mche, chumvi, kiberiti, pedi. Bila vitu hivyo watu wa mtaa wangu hawalali.

Matatu ya abiria 14 sasa inabeba 8, na nauli ya viti vitupu inalipwa na waliokaa. Nimetembea hadi Kondele, nikapanda pikipiki.

Saa 1:00 asubuhi

Duka la jumla limechora miduara ya rangi nyeupe sakafuni, kila mtu na wake. Mlangoni kuna ndoo ya maji yenye mfereji na kipande cha sabuni, na askari anayekupima joto kwenye paji la uso. Leo sheria ni hii: kila mwenye duka bale mbili za unga, basi. Bale moja ina pakiti 12 za kilo mbilimbili. Kwa hiyo narudi na pakiti 24 za kulisha mtaa ambao, wakati mambo yako sawa, hunimalizia zaidi ya hizo kabla ya Jumapili kuisha.

Foleni ndiyo redio yetu. Mzee mmoja mwenye duka Nyalenda anasema malori yamejipanga kilomita kadhaa Malaba na Busia, mpakani na Uganda, madereva wanasubiri majibu ya vipimo vya korona. Mwingine anasema mpunga wa Ahero umelala majini tangu mto Nyando ufurike. Yote mawili nayaamini, kwa sababu naona matokeo yake kwenye bei. Halafu kuna jambo ambalo halina uhusiano wowote na ugonjwa: ni Mei. Mahindi ya msimu huu bado ni mabichi shambani. Bungoma na Kakamega hawavuni mpaka Agosti, Trans Nzoia baadaye zaidi. Kila mwaka miezi hii tunategemea akiba ya mwaka jana na magunia yanayovuka kutoka Uganda. Mwaka huu korona imetukuta tayari ghala liko chini, na mpaka wenyewe unasuasua.

Mbele yangu gari dogo la mizigo limepakiwa kupitia mlango wa nyuma. Nimehesabu bale mpaka nikaacha kuhesabu. Nimemuuliza mfanyakazi, akatazama pembeni.

Saa 3:00 asubuhi

Duka liko wazi. Mteja wa kwanza, mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye hajalipwa tangu shule zifungwe katikati ya Machi, ameniuliza swali ambalo wengi huniuliza: serikali si ilipunguza ushuru, mbona unga haujashuka?

Nimemweleza taratibu, maana ana haki ya kujua. Ushuru wa VAT ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, hiyo ni kweli. Lakini unga wa mahindi haukuwa na ushuru huo tangu mwanzo, kwa hiyo hakukuwa na cha kupunguza. Sabuni inao. Mche uliokuwa shilingi 116 pamoja na ushuru unatakiwa kuwa 114. Shilingi mbili. Mimi naukata mche ule vipande vya shilingi ishirini ishirini. Hizo shilingi mbili zitaonekana kwenye kipande gani? Na nauli ya kuuleta imepanda kuliko hizo mbili.

Amenunua unga pakiti moja na chumvi. Nimeandika kwenye daftari la madeni, na nitaendelea kumwandikia.

Saa 5:00

Huu ndio wakati wa watoto. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na wanakula. Watu wa mjini waliojaza matroli mwezi wa tatu hawakulifikiria jambo hili: uji wa saa nne na githeri ya mchana iliyokuwa ikiliwa shuleni vyote vimehamia kwenye sufuria ya mama mmoja ambaye kazi yake ya kufua nguo za watu imekwisha, kwa sababu matajiri wake wanaogopa kumwingiza mtu nyumbani. Pakiti iliyokuwa ikikaa siku mbili sasa haimalizi moja.

Wamekuja wasichana wawili, wamesimama mpaka wateja wote wakaondoka. Pedi. Sheria ya mwaka 2017 inasema serikali iwape wasichana wa shule pedi bila malipo, na walikuwa wakizipatia shuleni. Shule zikifungwa, njia hiyo imefungwa pia. Hakuna aliyetuambia sisi wenye maduka kwamba mzigo huo sasa ni wetu. Pakiti ni shilingi hamsini na wao wana kumi. Kwa hiyo mimi hufungua pakiti na kuuza moja moja, nimezifunga kila moja kwenye karatasi safi. Kuna mwenzangu aliyeniambia ninaharibu biashara. Sioni hivyo. Msichana wa darasa la saba akikosa pedi dukani kwangu hatakwenda supamaketi, atakaa na kitambaa cha godoro.

Kwenye redio wanasema huko Marekani na Australia watu waligombania karatasi za choo. Huku tulianza kugombania vitakasa mikono. Machi vilitoweka mjini, na bei ikapaa mpaka Mamlaka ya Ushindani ikaamuru supamaketi moja jijini Nairobi iwarudishie wateja pesa zilizozidi. Ajabu ni kwamba pombe kali inayotengenezewa vitu hivyo inatoka hapa hapa kwetu: pale Muhoroni kuna kiwanda kinachoipata kutokana na molasi ya miwa. Mimi chupa hizo siweki tena. Sabuni na maji vinaua kirusi hicho hicho, na kipande cha sabuni mtu anakinunua. Ninachokipigania ni mche usikose.

Saa 8:00 mchana

Mama mboga wa pembeni yangu ameleta omena, dagaa wa ziwani, kidogo na uso wenye mawazo. Omena huvuliwa usiku, kwa taa, na huvuliwa vizuri mwezi ukiwa haupo. Sasa ndiyo giza linaingia, mwezi umebaki kipande cha alfajiri, hizi zingekuwa siku za neema. Lakini mvuvi atatokaje ziwani usiku na kafyu inaanza saa moja? Na ziwa lenyewe limepanda mwaka huu, limemeza ufuo ambapo walizoea kuanika. Kikombe cha omena kimekuwa kidogo na bei ni ile ile, wakati mwingine zaidi.

Nimekula ugali na sukuma nikiwa nimesimama.

Saa 9:00 alasiri

Amesimamisha gari mbele ya duka. Kijana msafi, mwenye adabu, barakoa nzuri.

"Habari ya mchana, mama. Una unga kiasi gani?"

"Salama, kaka. Nikupe pakiti mbili."

"Nataka zote zilizopo. Nalipa sasa hivi, taslimu."

Nyuma yangu zilikuwa zimebaki pakiti 15.

"Zote siwezi. Nauza mbili kwa kila mtu."

"Lakini mama, pesa ni pesa. Wametuambia tukae nyumbani, tununue vitu vya wiki mbili. Mimi nafuata nilichoambiwa."

Hakuwa mtu mbaya, na sikumjibu kwa ukali. Nilimwambia: kaka, wewe una kabati. Watu wangu hapa hawana. Hili duka ndilo kabati lao. Baba anayefanya mjengo akilipwa leo jioni, anapita hapa ananunua unga wa leo, mafuta ya leo, kiberiti cha leo. Kesho akilipwa, anarudi. Asipolipwa, anakuja na daftari. Ukizichukua zote 15, umeingia kwenye nyumba za watu ukabeba chakula chao cha usiku, hata kama umenilipa mimi.

Amenyamaza kidogo. Amechukua mbili na sukari kilo moja, akashukuru, akaenda. Pengine amepata nyingine kwingine.

Ushauri ule wa wiki mbili huniumiza kila nikiusikia. Unatolewa kwa nia njema na watu wanaolipwa mwisho wa mwezi. Nusu ya mtaa huu hulipwa jioni. Hakuna mshahara wa jioni moja unaonunua chakula cha wiki mbili, na wale wenye uwezo wakinunua chao, cha wiki na cha mwezi, wale wa jioni hukuta rafu tupu au bei mpya. Upungufu mwingi ninaouona hapa Manyatta umeletwa hivyo. Malori yanachelewa, sikatai, lakini kidogo kinachofika kingetutosha kama kingegawanywa.

Saa 10:00

Rais amehutubia. Kafyu imeongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mpaka wa Tanzania na wa Somalia umefungwa kwa watu, mizigo itapita, na dereva haingii nchini mpaka apimwe na awe hana ugonjwa. Mama mboga ameketi kwenye kreti yake. Vitunguu vyake hutoka Tanzania kupitia Isebania. "Mizigo itapita," nimemwambia. "Hata Busia walisema itapita," amenijibu.

Saa 11:00 jioni hadi saa 1:00

Kabla ya kafyu, duka la mtaani liliishi usiku. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu na nusu ndipo pesa ilipoingia, mtu ametoka kazini, ameoga, ametuma mtoto. Sasa saa zote hizo zimesukumwa ndani ya saa moja unusu. Vijana wa jua kali wa Kondele hulipwa saa kumi na moja, wanatembea kwa miguu kuokoa nauli, wanafika hapa saa kumi na mbili na dakika, na saa moja kamili kila mtu awe ndani. Wakifika wote pamoja, miduara niliyochora kwa chokaa mbele ya dirisha haitoshi. Nawapigia kelele waachane. Wanacheka, wanaachana kidogo, wanasogea tena.

Na ni Ramadhani. Futari Kisumu ni kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, dakika ishirini tu kabla ya kafyu. Majirani zangu Waislamu wameniambia mapema, kwa hiyo sukari na unga wa ngano wao huwa nimeshapima na kufunga, wakija wanachukua na kukimbia.

Robo ya sukari. Mafuta ya ishirini. Kipande cha sabuni. Pakiti ya unga. Robo ya sukari. Wengi wanalipa kwa M-Pesa hata shilingi thelathini, kwa sababu tangu tarehe 17 Machi kutuma kisichozidi elfu moja hakutozwi ada. Hili nalisifu kwa moyo wote. Limewasaidia wanyonge kuliko hotuba nyingi, na mimi limenipunguzia kushika noti zilizopita mikononi mwa mji mzima.

Dani (yaani bibi, kwa Kijaluo) wa plot ya nyuma, anayelea wajukuu wanne, amefika wa mwisho, fimbo mkononi, amechoka.

"Nyathina, mwanangu, nimechelewa. Umebakisha?"

"Yako iko, dani."

Nimempa unga wake na kiberiti. Pakiti zimebaki mbili. Nimefunga dirisha la mbele saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano.

Saa 2:00 usiku

Dirisha la nyuma linaangalia ndani ya plot, na kafyu haimkatazi jirani wa plot kuvuka ua. Wamekuja wawili: mmoja mshumaa, mmoja unga. Imebaki pakiti moja, na hiyo ni ya nyumba yangu.

Saa 3:30 usiku

Hesabu za leo: mauzo si mabaya, faida ni ndogo, daftari limenenepa. Nikiendelea kutegemea bale mbili za mjini, Jumanne sina unga. Kwa hiyo usiku huu nimezungumza kwa simu na wenzangu wawili wenye maduka, na na mama mwenye kisiagi pale karibu na stendi. Anasema magunia machache ya mahindi yamefika leo kutoka Busia, ya kilo 90, makavu, hayana ukungu. Ameyaona kwa macho yake. Tumekubaliana tuchange tununue matatu, asage moja Jumatatu tuone kama watu watakubali unga usiokobolewa. Najua watoto watalalamika rangi. Tutauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na nusu gorogoro, na atakayetaka robo apimiwe robo, bei moja kwenye maduka yote matatu, tumeiandika ili asiwepo wa kuipandisha peke yake.

Pesa yangu ya mchango nimeshaituma. Imezidi elfu moja, kwa hiyo ada nimekatwa.