Juu ya Tumbo Tupu

Boksi la dawa lilifika Tanga mwezi wa Machi 1998, limefungwa ndani ya kanga mbili pamoja na kopo la halua, mkononi mwa jamaa yetu aliyetoka Maskati. Alilituma shangazi. Bibi alikuwa akiumwa vidonda vya tumbo tangu mwaka uliotangulia. Daktari alimwandikia omeprazole, lakini bei yake madukani ilitushinda, kwa hiyo jina la dawa lilisomwa herufi kwa herufi kwenye simu ya muuza duka wa Barabara ya 9 mpaka shangazi akalipata kule alikokuwa.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza. Miaka saba ya shule ya msingi nilisoma kila kitu kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine. Sekondari, Bailojia, Jografia na Fizikia ziligeuka Kiingereza kati ya mwaka mmoja na mwingine, nasi tukafuata tu. Nyumbani lakini walishanihesabu kuwa msomi. Barua ya umeme ikija, nasoma mimi. Redio ikisema neno la kizungu, macho yote yananigeukia.

"Haya mjukuu wangu, nisomee," Bibi akasema, akanikabidhi boksi kwa mikono miwili.

Upande mmoja pameandikwa kwa Kiarabu, upande wa pili kwa Kiingereza. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nami naikumbuka mpaka leo: "Take one capsule in the morning on an empty stomach for 4 weeks."

Nilikuwa na daftari langu la msamiati, safu mbili zilizogawanywa kwa rula. Kushoto vihusishi vya Kiingereza, kulia Kiswahili chake, kama nilivyofundishwa kwa kitabu na meza: kitabu kiko juu ya meza, mpira uko chini ya kiti. "In" ni ndani ya. "On" ni juu ya. "For" ni kwa ajili ya. Daftari lile nililiamini kama mtu anavyoiamini mizani ya dukani. Nikaketi kwenye mkeka, nikalifungua, nikaenda neno kwa neno: chukua kapsuli moja ndani ya asubuhi, juu ya tumbo tupu, kwa ajili ya wiki nne.

"Tumbo tupu," Bibi akarudia. "Yaani lisilo na nguo?"

Nikafikiri. Mkono mtupu haulambwi, tupu ile ni ya kukosa kitu ndani. Miguu mitupu ni ya kukosa viatu. Neno ni hilo hilo. Lakini mbele yake kulikuwa na "juu ya", na kitu hakiwekwi juu ya tumbo mpaka nguo iondolewe. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Ndiyo, Bibi."

Bibi hakuwa mtu wa kukubali kila analoambiwa. Alichukua boksi, akaligeuza upande wa Kiarabu, akalisogeza dirishani. Kurani aliisoma tangu utotoni, na Kiswahili alikiandika kwa herufi hizo hizo mpaka uzeeni, ila Kiarabu chenyewe hakukijua cha kuzungumza. Maandishi ya boksi hayakuwa na irabu, kwa hiyo akawa anapapasa kwa kidole. Akasimama kwenye neno moja. "Hii ni *ala*," akasema. "*Ala* ni juu ya. *Assalamu alaikum*, amani iwe juu yenu." Akanirudishia boksi. Mashahidi wakawa wawili, Mzungu na Mwarabu, na wote wamesema juu ya.

Basi Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nikafungua kapsuli ya kwanza. Zikamwagika chembe ndogo nyeupe kama mbegu za mchicha zilizochujuka rangi. Nikazisaga kwenye kinu kidogo cha hiliki, nikazichanganya na mafuta ya nazi. Bibi akajilaza kitandani, akafunua tumbo, nami nikamchua pole pole kutoka chini ya mbavu kwenda kitovuni, kama alivyokuwa akinichua mimi nilipokuwa mdogo nikilia chango. Akaniombea dua. Kisha akainuka, akanywa chai na mahamri.

Nimekuja kujua baadaye, kwa kazi ninayofanya sasa ya kutafsiri vijikaratasi vya dawa, kwamba chembe zile kila moja imevishwa ganda la kuilinda na asidi ya tumbo, ipite salama ikayeyukie kwenye utumbo mwembamba. Kuzisaga ni kuziharibu hata kama mtu angezimeza. Siku ile nilisaga kwa bidii, zikawa unga.

Tulifanya hivyo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumapili usiku nilimsikia akigeuka na kugeuka, na kitanda cha kamba kikilia. Jumatatu asubuhi akasema, "Leo tuiache. Dawa ya kupaka huchelewa kuingia." Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilinikaa shingoni njia nzima ya kwenda shule.

Nilikuwa nimelibeba lile boksi kwenye mkoba. Si kwa sababu ya "juu ya". Hiyo nilikuwa na hakika nayo. Lililonisumbua ni "kwa ajili ya wiki nne". Mtu hufanya jambo kwa ajili ya mwanawe, kwa ajili ya Mungu. Wiki nne zinafanyiwaje kitu? Wakati wa mapumziko nikaenda ofisi ya walimu, nikasimama mlangoni mpaka mwalimu wetu wa Kiingereza akaniita.

Alisoma boksi. Akachukua kipande cha karatasi, akaiandika ile sentensi kwa herufi kubwa, halafu akafunika sehemu yake kwa kiganja, nikabaki naona "Take one capsule" peke yake. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Meza kapsuli moja. 'Take' kwenye dawa ni meza." Kisha akaanza kufunua. "In the morning": lini? "On an empty stomach": ukiwa katika hali gani? "For 4 weeks": kwa muda gani? "Hivi vitatu ni virai vihusishi. Kila kimoja kinajibu swali lake kuhusu kumeza." Akanitazama. "Bibi yako anameza saa ngapi?"

"Hamezi, mwalimu. Tunampaka."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa mama mtu mzima, mwepesi wa kucheka darasani, na siku ile hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na nne."

Ziliingia ishirini na nane, saba mara nne. Nne nilizisaga mimi. Nilijua shangazi alifanya kazi nyumba za watu, na kwamba jamaa mwingine wa kutoka Maskati asingekuja kabla ya mwaka kwisha. Nililia pale pale mbele ya meza ya mwalimu, na walimu wengine wakageuza macho kwa heshima.

Akanipa kitambaa, akanisogezea kiti. Maneno aliyoniambia ndiyo yaliyonifanya niipende lugha ile badala ya kuiogopa. "Usimuulize Mwingereza 'on' maana yake nini," akasema. "Hata yeye hawezi kukujibu. Muulize 'on an empty stomach' maana yake nini, atakwambia mara moja: hujala kitu." Akaniandikia chini ya ile sentensi: "on foot", "on Friday", "on fire". Kwa miguu. Ijumaa. Inawaka. Nikaangalia safu ya kulia, nikaitafuta "juu ya" yangu, haikuwepo hata mara moja. Kwenye Ijumaa Kiswahili hakikuweka neno lolote; siku imesimama peke yake na imeeleweka. Kwenye moto, kirai kizima cha Kiingereza kimemezwa na kitenzi kimoja.

Akaniandikia ruhusa ya kutoka, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake kweli alikuja darasani na kipande cha chaki, akamwambia mwenzetu mmoja, "Throw it to her," chaki ikaja taratibu nikaidaka. Kisha akasema, "Now throw it at her," na yule mwenzetu akasita, mkono umeinuliwa. Kwetu zote mbili ni "mtupie". Kiambishi kimoja katikati ya kitenzi chabeba hisani na chabeba uadui, na msikilizaji hutambua kwa uso wa mrushaji. Mwingereza amezitenga nia mbili kwa herufi mbili mbili. Sijaona bado kitabu kilichoniingiza jambo hili kama ile chaki iliyobaki hewani.

Ila siku ya Jumatatu nilikimbia. Kutoka shuleni hadi Ngamiani ni mwendo, na jua la Machi halina huruma. Nilimkuta Bibi uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikamweleza yote bila kuficha: kwamba dawa ni ya kumeza, kwamba tumbo tupu ni tumbo lisilo na chakula, kwamba nimeharibu vidonge vinne vya shangazi.

Mikono yake ikatulia juu ya ungo. Nilingoja maneno makali, na nilikuwa tayari kuyapokea. Yeye akawa anatembeza midomo, kama anayesoma kitu kimya kimya.

"*Alaikum*," akasema hatimaye. "Zaidi ya miaka sitini naitoa salamu na kuipokea. Amani iwe juu yenu. Sijapata kumwekea mtu amani kichwani." Akapepeta kidogo, pumba zikaruka. "Na lile deni la dukani liko juu yangu, mbona sijalibeba?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Siku nzima nilikuwa nimeshangaa Kiingereza, kumbe ndani ya kinywa cha Bibi, tangu sijazaliwa, "juu ya" ilikuwa ikifanya kazi zisizo na meza wala kitabu.

"Basi tulisoma wote wawili vibaya," akasema. "Mimi Kiarabu, wewe Kizungu. Lete kalamu."

Nikaleta. Nikageuza boksi, nikaandika ubavuni: Meza kimoja asubuhi kabla hujala kitu, wiki nne. Nilipoisoma tena niliona "in" haipo, "on" haipo, "for" haipo, na hakuna kilichopungua. Bibi akaniambia nimsomee pole pole, naye akaandika chini yangu kwa herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto, akiweka irabu moja moja ili asikosee mtu mwingine: kabla hujala kitu. Boksi likawa na mistari minne sasa, na huu wa mwisho ndio aliokuwa akiusoma mwenyewe bila kuniita.

Jumanne alfajiri nilimpelekea bilauri ya maji ukumbini. Akapiga bismillahi, akameza. Kisha akaketi kwenye mkeka kungoja nusu saa ipite, mahamri yamefunikwa kwa kawa mbele yake, birika la chai pembeni, na saa ya ukutani akiitazama kila mara.