Fungu la Waliobaki Besori

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa kati ya ndugu waliofanya kazi bega kwa bega, kazi ikazaa matunda, mgawo ukawashinda. Kila mmoja alieleza alivyokesha na alivyotoa mfukoni mwake. Dada aliyetunza daftari la hesabu hakutajwa na yeyote.

Wala hawakuwa waongo. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mtu kwa nafasi yake, amebeba sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Majibu ya mume na mke yalipojumlishwa, kwa wengi yalizidi kazi yenyewe. Jasho langu nalikumbuka kwa kuwa lilinitoka mimi. La mwenzangu nimelisikia tu.

Fungueni 1 Samweli 30. Daudi na watu 600 wanawafuatia Waamaleki waliouchoma mji wao wa Siklagi na kuwateka wake zao na watoto wao. Penye kijito cha Besori, 200 wanaishiwa nguvu, wanabaki na vyombo. Ni walewale waliokuwa wamelia na wenzao hata nguvu za kulia zikaisha. Wale 400 wanarudi na nyara, na baadhi yao wanasema: hawa wapewe wake zao na watoto wao, waende zao. Hoja imenyooka, tena inashawishi! Nani kapigana? Sisi. Basi nani achukue?

Daudi hakubishana nao juu ya nani alifanya nini. Aliwaita ndugu zangu, akawaambia mali hii ametupa Bwana, naye ndiye aliyetulinda. Aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo wagawiwe sawasawa. Ikawa amri katika Israeli.

Jamani, tunakesha tukiomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu, baraka ikifika tunaihesabu kama mshahara wetu! Asubuhi tunaimba neema, jioni tunamuuliza mwenzetu, "Wewe ulikuwa wapi?" Nasi tunaosimama mbele na kushangiliwa ndio wa kwanza kusahau waliolinda vyombo. Najua mtaniletea Paulo, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Sawa kabisa. Lakini wale wa Besori walitaka. Miguu ndiyo iliyokataa.

Basi kabla ya kikao cha mgawo, kila mtu aandike kwanza wenzake walifanya nini, jina kwa jina, ndipo alete madai yake. Ukifika kwa jina la mtu ukakosa la kuandika, usipite. Nenda kamuulize.