Jumuiya Ndogondogo na Urafiki wa Familia Changa Mjini

Wanandoa wengi wa rika letu hapa Dar es Salaam tumeanza maisha ya ndoa mbali na wazazi wetu. Bibi wa watoto yuko Rombo au Muleba, mama wadogo wametawanyika mikoani, na mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, ndugu wa damu hana namna ya kufika hata akipokea simu kwa mlio wa kwanza. Katika familia yetu pengo hilo limezibwa na jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya mtaani kwetu, yaani kundi la familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja majumbani kila wiki. Ninaandika kwa sababu nasikitika kuona wazazi vijana wengi wakiikumbuka jumuiya siku wanapohitaji barua ya ubatizo wa mtoto, kisha hawaonekani tena hadi Komunyo ya kwanza.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizipa jumuiya hizi kipaumbele katika uchungaji wa nchi zao, na Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu. Kwa macho ya mzazi, hata hivyo, nguvu ya jumuiya imo katika utaratibu wake wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wiki hii tunasali kwa wenye nyumba kubwa yenye geti, wiki ijayo kwa familia iliyopanga chumba na sebule, ambako mkeka hutandikwa uani na waliochelewa husimama barazani. Parokiani Jumapili tunapeana amani na kuagana mlangoni. Lakini aliyeketi kwenye mkeka wako akatafakari nawe Injili amekwisha kujua kwamba mwanao ana pumu, na kwamba baba wa nyumba hiyo yuko kazini zamu ya usiku.

Nilipojifungua mtoto wetu wa pili, akina mama wa jumuiya walipangana zamu bila mimi kuomba lolote. Mmoja alileta mtori, mwingine alifua nepi, mwingine alimchukua mkubwa akacheze na wanawe. Mama mmoja wa Kigoma, ambaye hatuna naye kabila wala ukoo, alikuja kila asubuhi kunikanda kwa maji ya moto, na leo watoto wangu humwita bibi. Akina baba huchukua muda zaidi kuzoeana. Kwa ninavyoona, mazungumzo yao ya kweli huanza msibani, wanapofunga turubai na kupanga viti pamoja.

Watoto nao wana msimu wao, yaani Oktoba, mwezi wa Rozari Takatifu. Kila jioni sanamu ya Bikira Maria huhamishwa kupelekwa nyumba inayofuata. Mmoja hutangulia na mshumaa, amekinga mwali kwa kiganja. Mwenzake hufuata akiwa ameikumbatia sanamu kwa mikono miwili, huku mama yake akimnong'oneza asikimbie. Wakifika, hugombea kuongoza fungu la Rozari, na aliyekosa leo huahidiwa kesho. Hivyo ndivyo wanavyojifunza njia ya kwenda kila nyumba, pamoja na majina ya wazee wanaoishi humo.

Safari ninayopenda kuliko zote ni hija ya Bagamoyo. Tunakodi basi, tunabeba pilau kwenye hotipoti, na njiani mtoto hulala mapajani mwa yeyote aliye karibu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, wakitokea Zanzibar, na humo kikaanzishwa kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Vijana waliotenganishwa na koo zao walifunga ndoa katika misheni, wakapewa makazi, wakalea watoto wao jirani kwa jirani bila shangazi wala mjomba wa kuwasaidia. Kila nikipita makaburini pale na watoto wetu huwaeleza habari hiyo polepole, kwa kuwa naamini familia zile zilijua kuliko sisi maana ya kufanywa ndugu na imani.

Najua sala ya alfajiri ya Jumamosi ni mzigo kwa mwenye mtoto mchanga, na wapo wanaoona aibu kupokea jumuiya kwa sababu hawana viti vya kutosha. Viti huazimwa kwa jirani, na chai ya rangi inatosha. Kuhusu muda, tulilizungumza na viongozi wetu, wakakubali mara moja kwa mwezi tusali Jumapili alasiri ili wenye watoto wadogo wafike bila kuhangaika. Zamu ya kwanza ya ratiba hiyo imechukuliwa na wanandoa waliohamia mtaani juzi juzi. Mwanamke ni mjamzito, na tayari akina mama wanaulizana nani ataanza na mtori.