Kutoka Chumba cha Mitambo hadi Meza ya Funguo, Mwanga

Nilipostaafu Kamandi ya Wanamaji pale Kigamboni na kurudi nyumbani Kigoma, kila ndugu alikuwa na shauri lake kuhusu kiinua mgongo. Wa Kibirizi walitaka ninunue mtumbwi na taa za dagaa. Shemeji zangu walisema bodaboda. Mimi nilikwishaamua ningali kazini: nitaweka meza ya kuchonga funguo mtaani Mwanga, karibu na soko. Melini nilikuwa fundi mitambo, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita mbele ya jiliwa, tupa mkononi, nikisawazisha vipuri visivyopatikana dukani. Tupa niliijua. Kilichobaki ni kukijua kitasa kwa ndani.

Nilijifunza kwa kubomoa. Nilinunua vitasa vibovu kwa wauza vyuma chakavu, nikawa nafungua kimoja kimoja juu ya kitambaa cheupe ili springi zisipotee. Silinda tunazozitumia milangoni, yaani ile sehemu ya kitasa unamoingia ufunguo, zile ambazo Mmarekani Linus Yale Mdogo alizipatia hataza mwaka 1861, zina pini zilizopangwa mbili mbili, ya chini na ya juu, kila jozi ikikandamizwa na springi yake. Ufunguo sahihi huinua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawasawa na ukingo wa kile kipande kinachozunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua kidogo tu, mlango haufunguki.

Ukishalielewa hilo, unaweza kumchongea ufunguo hata mtu aliyepoteza zote. Unaingiza ufunguo mtupu, usiochongwa meno bado, unaukaza upande mmoja, unautikisa juu na chini, kisha unautoa na kuutazama kwenye mwanga. Pale pini ilipogoma pana alama ndogo sana. Unapitisha tupa hapo, mara moja au mbili, unarudisha, unatazama tena. Alama isipotokea, jino hilo limefika, usiliguse. Hakuna kazi ninayoipenda kama hii. Wateja wengine husimama kimya kunitazama hadi kitasa kinapozunguka.

Lakini ufundi peke yake haukuniletea watu. Kwenye mji ambao wote tunajuana, mtu anayeweza kufungua mlango bila ufunguo hutazamwa kwa wasiwasi, na mimi naona wana haki. Nikachukua desturi ya melini, ambako ufunguo wa ghala hautoki bila kuandikwa aliyeuchukua na saa aliyouchukua. Nikanunua daftari gumu. Kila kazi inaandikwa: jina, mtaa, aina ya kitasa, saa, na saini. Nyumba siifungui mpaka awepo mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ufunguo wa ofisi siutolei nakala bila barua. Anayeniletea alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, namrudishia sabuni yake.

Jioni moja alikuja kijana, anataka nikamfungulie chumba huko Gungu.

"Shikamoo afande. Ufunguo umedondokea ziwani."

"Marahaba, mwanangu. Tupitie kwa mjumbe kwanza."

"Afande, mjumbe wa nini tena? Nitakuongeza hela."

Nikamwambia hela ni ile ile, na mjumbe lazima. Akaondoka, hakurudi. Mama mmoja wa duka la jirani alikuwa amesikia yote, na wiki hiyo hiyo akaniletea vitasa vya nyumba yake nzima ya kupangisha. Kwake ndipo nilipoanza kazi inayonilisha mpaka leo. Mpangaji akihama, mwenye nyumba hana haja ya kununua kitasa kipya. Nabadilisha mpangilio wa pini, nachonga ufunguo mpya, na ule wa zamani alioondoka nao mpangaji haufungui kitu.

Jambo jingine linalonisumbua ni mafuta. Sisi tuliokulia hapa tumesimuliwa habari za Liemba, meli ya ziwa letu la Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mitambo grisi nzito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ile ilikuwa bado inafaa. Habari hiyo ndiyo iliyonipeleka jeshini, naiheshimu sana. Ila kitasa si injini. Ukikimiminia grisi au mafuta ya kula, vumbi letu jekundu la kiangazi linagandia ndani na pini zinanata. Saga risasi ya penseli, paka unga wake kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Inatosha.

Na masika ukiona ufunguo umegoma, usikimbilie kuulaumu. Fungua mlango, ujaribu ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, kitasa ni kizima. Mbao zimevimba kwa mvua au bawaba zimelegea, na ulimi wa kitasa hauingii tena kwenye tundu lake la fremu. Kazi hiyo ni ya randa na bisibisi, na mtu namwambia aifanye mwenyewe kama anaweza.

Ninachokosa kwa sasa ni mashine ya magari. Magari mengi ya siku hizi yana ufunguo wenye chipu ndani. Nikichonga meno tu, mlango utafunguka lakini injini haitawaka mpaka gari liitambue hiyo chipu. Naiwekea akiba mashine hiyo kidogo kidogo. Mwenye gari la namna hiyo namweleza hivyo kabla hajatoa hata shilingi, halafu namwelekeza kwa fundi ninayemwamini Dar es Salaam.